Nane Inayogeuka Kumi na Nane

Kisanduku kilikuwa na kazi moja tu duniani, na hiyo moja kiliikataa. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa ndani ya jokofu la chanjo kwenye zahanati, na joto likipita nyuzi nane, kipige kelele mpaka muuguzi aje mbio. Darubini alichovya kipimajoto chake kwenye kikombe cha maji ya baridi, akawa anaongeza maji ya moto kidogo kidogo huku akisubiri. Nane ikapita, kimya. Kumi, kimya. Kumi na tano, kisanduku kinamtazama kwa kitaa chake cha kijani kama mtu aliyeshiba. Kilipofika kumi na nane ndipo kikaanza kulia, wakati ambao chanjo yoyote ingekuwa imeshageuka maji ya kumwaga.

"We, si nimekurekebisha jana?" alikiambia.

Na kweli alikuwa amekirekebisha. Mwezi uliopita kidole kiliteleza, akaandika 18 mahali pa 8, na jana yake alikuwa ameifuta ile moja ya mbele kwa mkono wake mwenyewe. Akafungua tena maandishi ya programu. Yalisema nane. Akayasoma kwa sauti, kama anayemsomea kiziwi. Nane. Basi ile kumi na nane ilitoka wapi?

Jina la Darubini hakulipata bure. Ndiye aliyekuwa akiona kosa kabla ya mwenzake hajamaliza kulifanya, na ndiye aliyekuwa akiona hata makosa ambayo hayapo, ila hilo hakuna aliyethubutu kumwambia. Na asubuhi ile machale yakamcheza. Kitu hakijigeuzi chenyewe, alijiambia. Kuna mkono.

Mikono ndani ya ofisi ile ilikuwa michache. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kukata vioo, na kutwa nzima sauti ya kioo kinachokatwa ilipanda ngazi na kuwakereketa meno. Bosi alikaa pembeni nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, akipiga simu na kuahidi watu mambo. Darubini alikaa dirishani. Meza ya tatu ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa damu, kijana mpole wa kuongea, ambaye Darubini mwenyewe ndiye aliyempigia magoti Bosi ili apewe kazi.

Na pembeni kabisa alikaa Babu. Babu hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta kubwa ya zamani yenye feni inayokohoa. Kompyuta haielewi maandishi kama yalivyoandikwa na binadamu. Lazima yapitie kwanza kwenye kompaila, ambayo huyageuza kuwa vipande vya lugha ya mashine, kisha vipande hivyo huunganishwa na kutiwa kwenye kisanduku. Ofisi ile ilikuwa na kompaila moja tu, na ilikaa kwa Babu tu. Kila mtu aliandika mezani kwake, akaweka kazi kwenye flashi, akaipeleka kwa Babu kama mtu anayepeleka mahindi kinuni. Hivi karibuni Bosi alichomoa hata waya wa intaneti wa Babu, akasema ni mambo ya virusi, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Darubini akabeba flashi yake, akamwingizia Babu maandishi yenye nane, akabonyeza. Babu akajibu palepale: Tayari, hakuna kosa. Akakijaza kisanduku upya, akarudi kwenye kikombe chake. Kumi na nane.

"Bado?" shemeji yake aliuliza kutoka mezani kwake.

"Bado."

"Pole, shemeji. Mimi ule mlio mpya umekubali mara moja. Sikia." Akabonyeza kisanduku chake, kikalia kwa sauti mpya, tamu, ya kupanda na kushuka.

Hapo ndipo shaka ilipopata pa kukaa. Mlio ulikuwa kazi ya shemeji, faili jipya alilolianza majuzi, na kila alichobadilisha humo kilitokea kwenye kisanduku bila shida. Alipoongeza sauti, ikaongezeka. Alipopunguza, ikapungua. Ya Darubini peke yake ndiyo iliyogoma. Babu yule yule, flashi ile ile, na bado kazi ya mmoja inapokelewa kwa mikono miwili na ya mwingine inafungiwa mlango. Hebu wewe ungefikiri nini?

Darubini alifikiri hilo hilo. Halafu akakumbuka maneno ya Bosi, kwamba visanduku vikishafika kwenye zahanati salama, mmoja wao atafanywa mkuu wa mafundi. Shemeji alikuwepo siku ile. Alitabasamu na kusema kila mtu anajua mkuu ni nani. Wakati ule lilikuwa jambo la kupendeza. Sasa Darubini aliligeuza na kuliona upande wa pili. Mtu mpole hivi, mnyenyekevu hivi, anataka nini?

Aliogopa wazo lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, akambeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuta chini, na siku ya harusi alilia kuliko bibi harusi. Wale wawili walikuwa wamehamia kwenye nyumba nzuri kwa sababu ya kazi ile. Kama shemeji ndiye, basi kumtaja ni kuivunja nyumba ya mdogo wake, na kunyamaza ni kuacha chanjo ziharibike kwenye majokofu ya watu. Akaamua asimtaje mtu bila kumshika. Akaanza kumwekea jicho.

Jicho la Darubini likiwekwa mahali, halitoki. Shemeji akienda msalani, anapima alichukua muda gani. Akicheka kwenye simu, anataka kujua anacheka na nani. Siku moja aliwahi kazini kuliko kawaida, akapanda ngazi polepole, viatu mkononi, na kumbe hakuwa wa kwanza. Mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa amekaa mbele ya Babu, pua karibu na kioo, na kilichokuwa kwenye kioo hakikuwa mlio. Yalikuwa maandishi ya joto, ya Darubini mwenyewe.

Ubao wa sakafu ukalia. Shemeji akashtuka, akafunga ukurasa haraka.

"Umewahi, shemeji," alisema.

"Na wewe umewahi."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

Shemeji akamtazama, akatazama viatu vilivyokuwa mkononi mwake, akainama. "Basi tu," alisema, na akarudi mezani kwake.

Darubini akakaa kwa Babu, akafungua ukurasa ule ule. Maandishi yalisema nane, hayakuguswa. Lakini mwizi mjanja si ndiye anayerudisha kila kitu mahali pake? Kutokukuta dosari kulimtia shaka kuliko ambavyo dosari ingemtia.

Jumapili akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta uani anaanika nguo, akamsaidia kukamua shuka, mmoja huku mwingine kule.

"Mumeo anatoka mapema sana siku hizi," Darubini alisema, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

"Nani asiyejua? Kitanda kinabaki kikubwa." Mdogo wake akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Dada, kuna nini huko kazini? Hata chakula hali vizuri. Nikimuuliza, anasema kuna jambo halisemeki."

"Halisemeki vipi?"

"Sijui. Anasema likitoka litaumiza watu."

Darubini alikamua shuka mpaka ikakauka. Ushahidi gani tena alihitaji? Mtu hali, halali, anawahi kwa Babu, ana siri inayoumiza watu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimhurumia mdogo wake kama mjane.

Jumatatu Bosi akatoka nyuma ya mbao zake, jasho linamtoka. Zahanati zilikuwa zinauliza. Watu wa chanjo walikuwa wanauliza. Kila aliyeahidiwa alikuwa anauliza. "Kosa la tarakimu moja! Wiki ya pili hii! Darubini, umeshindwa?"

Neno hilo lilimchoma. Hajawahi kushindwa. Akamfuata Bosi nyuma ya mbao, akafunga mlango, akalisema lililokuwa moyoni. Kwanza alisema "kuna mtu," kisha akasema "kuna mtu anayewahi kwa Babu," na Bosi alipouliza nani, akamtaja. Akaongeza na habari ya jambo lisilosemeka. Mdomo ulipofunguka, haukujua pa kusimama.

Bosi akamwita shemeji. Darubini alibaki pale pale, maana Bosi alisema abaki.

"Asubuhi unafanya nini kwa Babu?" Bosi aliuliza.

"Naangalia kazi."

"Kazi ya nani?"

Shemeji akatazama vidole vyake.

"Umebadilisha kitu kwenye maandishi ya joto?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini mle? Sema, kijana. Nina zahanati zinanisubiri."

Shemeji alimgeukia Darubini. Hakumkazia macho, hakumlaumu. Alimtazama kama mtu anayesubiri asaidiwe kubeba mzigo. Darubini akatazama dirishani. Chini kioo kikakatwa, kikalia.

"Sina la kusema, Bosi," shemeji alisema mwishowe.

"Basi na mimi sina la kukuuliza. Kusanya vitu vyako."

Alikusanya kikombe, chaja na koti. Mlangoni akasema, "Kwaheri, shemeji," kwa adabu ile ile ya kila siku, na adabu hiyo ikamkera Darubini kuliko matusi. Hata sasa anaigiza, alijiambia.

Siku hiyo hiyo, meza ya tatu ikiwa tupu, alimwingizia Babu maandishi yake. Tayari, hakuna kosa. Akachovya kipimajoto akitabasamu. Nane. Kumi. Kumi na tano. Tabasamu lilipotea mahali fulani kabla ya kumi na nane.

Mtu mwingine angejiuliza upya hapo. Darubini alibadilisha kufuli. Alijiambia kwamba yule bwana ameacha mtego ndani, au ana ufunguo wa pili, au anakuja wakati watu wamekwenda kula. Akapaka unga wa chaki kwenye vitufe vya Babu ili aone alama za vidole, na kesho yake alama pekee alizozikuta zilikuwa zake. Mjanja, alisema, ameufuta unga na kupaka upya.

Ndipo hasira ikampanda. Kama anakuja, basi atakuja kusoma, na kama atasoma, asome hiki. Katikati ya maandishi ya joto, juu kidogo ya ile nane, akaandika: NIMEKUONA MWIZI WEWE MNAFIKI MKUBWA HUNA HATA HAYA MBELE YA MKEO. Akaisoma, ikampoza roho. Akaipeleka kwa Babu, na kwa mazoea ya kidole akabonyeza.

Tayari, hakuna kosa.

Darubini alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama. Akarudi, akainama.

Kuna alama ndogo ambayo fundi huiweka mbele ya maneno ya kawaida ili kompaila iyaruke. Kwa hasira alikuwa hajaiweka. Kompaila, ambayo hukataa kazi nzima kwa sababu ya nukta moja iliyosahauliwa, ilikuwa imeyapita matusi ya herufi kubwa bila kukunja uso.

Akajaza ukurasa upuuzi. Aliandika jina la mdogo wake mara kadhaa, aliandika la la la, kisha akafuta kila kitu na kuacha ukurasa mweupe. Babu aliridhika na yote. Tayari, hakuna kosa. Na kisanduku kilichojazwa kutoka kwenye ukurasa mtupu kikasubiri mpaka kumi na nane, kikalia.

Babu alikuwa hasomi. Hakuwa amesoma neno lake hata moja kwa wiki mbili hizo. Alikuwa anachukua kipande cha zamani, kile alichokigeuza siku ya kosa la kwanza, na kukiunganisha hicho hicho kila siku. Darubini akavuta kiti. Kwa nini? Babu si mvivu hivi hivi. Ana kawaida moja ya kuokoa muda: hulinganisha tarehe. Maandishi yakiwa mapya kuliko kipande, anageuza upya. Kipande kikiwa kipya kuliko maandishi, anakiacha, kwa nini ajisumbue?

Akaitafuta tarehe ya kipande. Mwezi wa sita. Akatafuta tarehe ya maandishi aliyoyaingiza sasa hivi, wino haujakauka. Mwezi wa pili.

Ofisini ulikuwa mwezi wa saba.

Akaitafuta saa ya Babu, ambayo kumbe mtu aliificha isionekane kwenye kioo. Babu alikuwa anaishi mwezi wa pili, peke yake, na kila kilichoingia kwake kilipigwa muhuri wa mwezi wa pili. Faili la mlio lilizaliwa baada ya saa kurudishwa, halikuwa na kipande cha zamani cha kulizuia, ndiyo maana lilipita. Hakukuwa na ufunguo wa pili wala mkono wa mtu. Shemeji hakuwa amefanya chochote.

Alisukuma mlango wa mbao bila kubisha.

"Nani amerudisha nyuma saa ya Babu?"

Bosi akaweka simu chini. "Saa?"

"Babu anadhani ni mwezi wa pili, Bosi. Na waya wa intaneti umechomolewa ili isijirekebishe. Virusi gani hivyo?"

Bosi akakohoa kama Babu. "Leseni ya kompaila iliisha. Nikairudisha saa nyuma kidogo, yenyewe ikaona bado ina muda. Ikafanya kazi! Mimi ningejuaje kuwa..." Alimsikiliza Darubini akimweleza habari ya tarehe, na kila neno lilimshusha kwenye kiti. "Lo," alisema. "Lo, lo."

"Kwa nini hukusema? Siku ile amesimama hapa, kwa nini hukusema umemgusa Babu?"

"Wewe uliniuliza?" Bosi naye alipata hasira, ile ya mtu aliyeshikwa. "Uliingia hapa na jina la mtu mdomoni. Na jina lenyewe la shemeji yako. Nilisema, kama dada wa mkewe anamtaja, basi ni kweli tupu. Ningebishana na wewe?"

Darubini aligeuka, akatoka. Alirudi kwa Babu, akayarudisha maandishi yake mazima, akafuta vipande vyote vya zamani, akabonyeza. Safari hii Babu hakujibu palepale. Alikohoa, akanguruma, akasoma mstari kwa mstari. Kisanduku kikalia kwenye nane, sawasawa kabisa, kwa ule mlio mtamu wa shemeji. Darubini akakaa chini, akalia nacho.

Alikwenda kwao kabla jua halijazama. Shemeji ndiye aliyefungua. Walikaa sebuleni watatu, na Darubini akasema yote bila kujipendelea: saa, leseni, tarehe, kufuli, chaki, hata yale matusi. Kwenye chaki shemeji alitabasamu kidogo.

"Kosa halikuwa lako," Darubini alimaliza.

"Hilo nilijua," alisema shemeji. "La nani, ndiyo sikujua. Nilidhani ni lako."

"Langu?"

"Niliona umekosea mahali na huoni, au unaona na unaona aibu. Asubuhi zile nilikuwa nalitafuta. Nilitaka nilipate nilirekebishe kimya kimya, Bosi asijue kama Darubini ameshindwa. Wewe ndiye uliyeniombea kazi, shemeji."

"Na alipokuuliza unatafuta nini?"

"Ningejibu, ningekutaja."

Darubini alitamani kiti kimmeze. "Bosi anataka urudi," alisema. "Hata kesho. Atakuomba radhi mbele yangu, nimemwambia."

Shemeji akatikisa kichwa taratibu. "Mashine zitaharibika tena, shemeji. Ndiyo kazi yetu. Na siku ikiharibika utaniangalia mimi kwanza."

"Sitakuangalia."

"Utaniangalia. Hutapenda, lakini utaniangalia. Na mimi nitakuwa nakuangalia kama unaniangalia. Acha nitafute kwingine."

Mdogo wake aliinua kichwa. Sasa akasema, bila kupandisha sauti. "Mimi nilimwambia akutaje, dada. Jumapili ile ulipoondoka nilimbana mpaka akaniambia. Nilimwambia kama dada ndiye anayekosea, mwambie Bosi ni dada, usibebe mzigo wa mtu. Akakataa. Akaniambia wewe huwezi kumtaja yeye kwa jambo lolote bila kumuuliza kwanza."

Kisha akainuka, akaenda jikoni. Darubini akainuka pia kumfuata, maana katika nyumba ile hakuwahi kungoja kuhudumiwa. Alikuwa akiingia jikoni na viatu vyake, akifunua masufuria, akigombana na mdogo wake juu ya chumvi. Lakini mdogo wake aligeuka mlangoni.

"Kaa tu, dada," alisema. "Nakuletea."

Akarudi na glasi ya maji kwenye sinia, kitambaa safi kimetandikwa chini yake, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwa mgeni wa mara ya kwanza. Darubini aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.